Maumivu ya shingo na viungo kwa mwenye kisukari na presha: Ya kufanya nyumbani na ya kuepuka

Leo katika safu yetu tuzungumzie jambo ambalo halikosi katika nyumba yenye mtu mzima, nalo ni maumivu ya shingo, mabega, magoti na vidole kwa mtu ambaye tayari anaishi na maradhi ya muda mrefu kama vile kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya figo. Wengi wetu huyachukulia maumivu haya kuwa ni uzee, au kuwa baridi imemuingia mtu. Mgonjwa hupakwa mafuta, huchuliwa, hununuliwa vidonge duka la dawa, na siku zinakwenda. Kwa mtu asiye na maradhi mengine njia hiyo mara nyingi haimletei madhara makubwa. Lakini kwa mwenye kisukari na presha mambo ni tofauti kabisa, kwani linaloweza kumuua si lile goti, bali ni kile anachopewa kulituliza.

Kisukari kinafikaje kwenye bega?

Watu wanajua kuwa kisukari huharibu macho, figo na miguu. Wachache wanajua kuwa kinaharibu pia viungo. Sukari inapokaa juu kwa miaka, hunata kwenye nyuzinyuzi zinazounda ngozi, kano na mifuko inayozunguka viungo. Nyuzi hizo zikishanatana hukakamaa na kukosa ulaini wake. Ndiyo maana mwenye kisukari hupata kwa wingi kuliko wengine tatizo la bega kuganda: linaanza kwa maumivu ya usiku, kisha mkono unakuwa haunyanyuki, mama anashindwa kufunga nguo mgongoni na baba anashindwa kuvaa kanzu bila msaada. Bega hilo linaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kabla ya kufunguka, na kwa mwenye kisukari hukawia zaidi. Aidha, mtu ambaye bega lake limeganda bila kuanguka wala kuumia, na hajawahi kupima sukari, ni vyema akapime.

Kuna kipimo kidogo ambacho unaweza kukifanya ukiwa hapo ulipo. Bandika viganja vyako viwili pamoja kifuani, kidole juu ya kidole, na viwiko uviinue. Viganja vya kawaida hugusana chote kwa chote. Ikiwa vidole vinashindwa kunyooka na kunabaki uwazi katikati ambao huwezi kuuziba, basi viungo vya mikono vimeanza kukakamaa. Mwenye kisukari akiliona hilo amueleze daktari wake, kwa sababu ni dalili kuwa sukari imekuwa juu kwa muda mrefu, na huenda macho na figo navyo vinahitaji kuangaliwa.

Ama shingo, hiyo ina pingili saba, na katikati ya pingili kuna vitu mfano wa vishini ambavyo hukauka na kusinyaa kadiri umri unavyokwenda. Pingili zikikaribiana sana huweza kubana mishipa ya fahamu inayokwenda mikononi, na hapo mtu husikia maumivu yanayoshuka begani hadi vidoleni, pamoja na ganzi. Kwa mwenye kisukari ganzi ya mikono inaweza kutoka shingoni, inaweza kutoka kwenye kifundo cha mkono, na inaweza kuwa ni kisukari chenyewe kimeharibu mishipa. Mtu wa nyumbani hawezi kutofautisha kwa kutazama. Apimwe.

Hapa kuna neno moja linalotuchanganya, nalo ni baridi yabisi. Kwetu kila anayeumwa viungo huambiwa ana baridi yabisi. Lakini yapo maradhi maalumu ambayo kinga ya mwili yenyewe inashambulia viungo. Maradhi haya huwapata zaidi wanawake, huanza na viungo vidogo vya vidole vya mikono yote miwili na miguu, huvimba, na asubuhi mgonjwa hukaa saa nzima au zaidi kabla vidole havijafunguka. Goti lililochakaa kwa umri hukakamaa asubuhi kwa dakika chache tu. Tofauti hii ni muhimu, kwa kuwa maradhi hayo ya kinga yana dawa zake zinazozuia viungo visipinde, na zinafaa zikianzwa mapema. Mojawapo ni methotreksati, ambayo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa WIKI, si kila siku. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewahi kuua watu. Basi mwenye mgonjwa anayeitumia aandike siku yenyewe kwenye boksi kwa kalamu, mathalani "Jumatatu tu".

Hatari iliyomo kwenye vidonge vya maumivu

Diklofenaki, ibuprofeni, indomethasini, piroksikamu. Dawa hizi zimo karibu kila duka la dawa, na mara nyingi mtu hupewa bila kuulizwa kama ana maradhi mengine. Nazo ni dawa nzuri kwa mahali pake. Hupunguza uvimbe na maumivu kwa haraka, na kwa sababu hiyo hiyo mgonjwa huzipenda na kuzimeza kwa miezi.

Tueleze zinavyofanya kazi katika figo. Figo ni chujio. Damu inaingia kwenye chujio kupitia mlango mmoja na kutoka kupitia mwingine, na ili uchafu uchujwe lazima pawepo msukumo wa kutosha baina ya milango hiyo miwili. Diklofenaki na ndugu zake hubana mlango wa kuingilia. Kwa mtu mzima wa afya anayekunywa maji ya kutosha, figo hustahimili. Sasa tumchukulie mama wa miaka sitini mwenye kisukari na presha. Yeye anatumia dawa ya presha kama kaptoprili, enalaprili au losatani, ambayo hulegeza mlango wa kutokea, na hilo kwa kawaida ni zuri kwa figo zake. Anatumia pia dawa ya kukojoza maji, ambayo hupunguza maji mwilini. Mama huyu akiongeza diklofenaki, basi mlango wa kuingilia umebanwa, wa kutokea umelegezwa, na maji yenyewe ni machache. Msukumo unakwisha, na figo zinaweza kusimama katika muda wa siku chache. Akiwa anaharisha au anatapika siku hizo, inakuwa haraka zaidi.

Si figo tu. Dawa hizi hupandisha presha na kuifanya dawa ya presha ionekane haifanyi kazi, hujaza maji kwa mwenye moyo dhaifu, na hutoboa tumbo kwa ndani bila onyo. Kwa anayetumia warfarini au aspirini, damu inaweza kutoka tumboni hadi akaanguka. Dalili yake ni choo cheusi kama lami. Vilevile figo zikilegea, insulini na vidonge vya glibenklamaidi hukaa mwilini kuliko inavyotakiwa, na sukari hushuka ghafla.

Basi atumie nini? Kwa wengi wa wagonjwa hawa parasetamo ndiyo ya kuanza nayo, ingawa haina nguvu nyingi. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 katika saa 24, na baina ya dozi na dozi zipite saa sita. Mwenye maradhi ya ini au aliyekonda sana apangiwe kipimo na daktari. Na asisahau kuwa dawa nyingi za mafua zina parasetamo ndani yake, hivyo asije akameza mara mbili bila kujua. Dawa ya kupaka yenye diklofenaki pia huwasaidia wenye maumivu ya goti na vidole, kwani huingia mwilini kidogo sana kuliko kidonge; ila mwenye figo zilizokwisha kuharibika aulize kwanza.

Jambo jingine ni vile vidonge na unga wa "dawa ya viungo" unaouzwa sokoni na mitaani kwa jina la mitishamba, ambao humponya mtu kwa siku mbili tu kiasi cha kustaajabisha. Dawa ya mimea inayomnyanyua mtu usiku mmoja inapaswa kukutia shaka. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wake kuhusu bidhaa iitwayo Artri King, iliyokuwa ikiuzwa kama kirutubisho cha viungo, baada ya kuipima na kukuta ndani yake mna diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Deksamethasoni hupandisha sukari, hupunguza nguvu ya mifupa na huilaza kinga ya mwili. Mbaya zaidi, aliyeitumia kwa muda mrefu akiiacha ghafla mwili wake hushindwa kujiendesha, anaweza kuishiwa nguvu na kuzimia. Kwa hiyo, ikiwa mgonjwa wenu amekuwa akitumia dawa ya namna hiyo kwa wiki kadhaa, uso umevimba na sukari haishikiki, msiikatishe nyumbani. Ichukueni pamoja na chupa yake mumpelekee daktari siku hiyo hiyo.

Kuna pia sindano ya bega au goti anayoichoma daktari mwenyewe. Hiyo ni halali yake, na hufaa, lakini huweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Mgonjwa apime sukari mara kwa mara katika siku hizo.

Kuchua, kuvunja shingo na hijama

Kuchua misuli ya mabega kwa mkono laini na mafuta kidogo hakuna tatizo, na humpa mtu raha. Kinachotutisha ni ile tabia ya kinyozi, akishamaliza kunyoa, kukamata kichwa cha mteja na kukizungusha kwa nguvu mpaka shingo ilie. Mwenye yale maradhi ya kinga tuliyoyataja, pingili mbili za juu kabisa za shingo huweza kulegea, na kukizungusha kichwa chake ni kuuweka uti wa mgongo hatarini. Hata kwa mtu asiye na maradhi hayo, mshipa wa damu unaopita shingoni kwenda kwenye ubongo unaweza kuchanika, akapata kiharusi. Mwambie kinyozi mapema, kabla hajaanza: kichwa changu usikiguse.

Ama hijama, sisi Waislamu tunajua ina asili katika Sunna na hatukusudii kuwazuia watu. Lakini mwenye sukari iliyo juu, kidonda chake hupona kwa taabu na huingia usaha upesi, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kutoka damu isiyokatika. Huyo amuulize daktari kwanza, na mwenye kumfanyia ajulishwe. Wembe uwe mpya kwa kila mtu, na vikombe visafishwe kwa dawa.

Joto nalo lina adabu zake. Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa shingoni dakika 15 hadi 20, hulegeza misuli vizuri sana. Lakini mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi asiweke chupa ya maji ya moto miguuni wala kuota moto wa mkaa. Ataungua na hatasikia, na kidonda hicho ndicho wengine hukatwa mguu kwacho. Maji yapimwe na mtu mwingine kwa kiwiko. Na usiweke joto juu ya sehemu iliyopakwa dawa ya kuchua yenye kuwasha.

Tuipange nyumba

Baba au mama mwenye shingo mbovu akilalia mito miwili mirefu, shingo hukaa imekunjwa saa nane nzima, kisha asubuhi tunalaumu baridi. Mto uwe mmoja. Anayelala ubavu, mto ujaze nafasi iliyo kati ya sikio na bega, si zaidi wala si pungufu. Anayelala chali, uwe mwembamba zaidi. Kulala kifudifudi aache, maana lazima kichwa kigeuzwe upande mmoja usiku kucha.

Ndoo ya maji kichwani sasa basi. Tunajua kina mama wengi wamebeba maji tangu utotoni na hawaoni kuwa ni mzigo, lakini ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya pingili zilizokwisha kuchakaa. Wajukuu wabebe, au maji yagawanywe katika vidumu viwili vidogo vya mkononi. Beseni la kufulia lisikae chini, liwekwe juu ya meza au tofali mpaka lifike kiunoni. Mbuzi ya kukunia nazi humfanya mtu ainame huku goti limekunjwa na shingo imeinama, na hakuna kazi ya jikoni inayokusanya makosa yote matatu kwa pamoja kama hiyo. Mwachie mwenye magoti mazima. Na simu, ambayo sasa hata bibi anayo, ainyanyue ifike usawa wa macho badala ya kuiinamia mapajani.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani kwa mwenye magoti. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu katikati kikawekwa juu ya choo kile kile, na kipande cha bomba au ubao imara kikapigiliwa ukutani cha kushikia. Gharama yake ni ndogo kuliko ya nyonga iliyovunjika. Bakora ishikwe kwa mkono ulio kinyume na goti linalouma, si upande ule ule kama wengi wafanyavyo.

Mazoezi nayo ni dawa, na kwa bega lililoganda na goti lililochakaa hakuna kidonge kinachoyashinda. Kwa shingo: kaa wima, rudisha kidevu nyuma taratibu kama mtu anayekataa kitu, shikilia kwa sekunde tano, achia, rudia mara kumi. Kisha geuza uso kulia polepole mpaka unaposikia kuvuta, si kuuma, na kushoto vivyo hivyo. Kwa bega: simama mbele ya ukuta, vidole vitambae juu kama buibui mpaka vinapofika, weka alama ya chaki, na kila siku jitahidi kuipita kidogo. Kwa goti: kaa kitini, nyoosha mguu mpaka uwe sawasawa, shikilia kwa sekunde tano hadi kumi, ushushe, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Maumivu madogo yanayoondoka ndani ya saa moja au mbili si tatizo. Yakikesha hadi kesho yake, umezidisha. Mwenye ganzi shingoni au mwenye yale maradhi ya kinga aonyeshwe kwanza mazoezi ya shingo na mtaalamu wa fiziotherapia. Na kwa mwenye mwili mkubwa, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Udhu na swala

Wapo wazee wanaolazimisha sijda huku magoti yamevimba, na wapo walioacha kwenda msikitini kwa kuona haya kukaa kwenye kiti. Yote mawili hayana haja. Mtume (s.a.w.) alimuelekeza swahaba Imran bin Huswain, aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, aswali kwa kusimama, akishindwa aswali kwa kukaa, na akishindwa kukaa basi kwa ubavu. Anayeweza kusimama asimame, na anapofika kwenye sijda isiyowezekana akae kitini na kuashiria, ishara ya sijda ikiwa ya chini zaidi kuliko ya rukuu. Mwenye shingo mbovu ainame kutokea kiunoni, asiining'inize shingo peke yake. Wakati wa kutoa salamu ageuze uso kwa kadiri shingo inavyomruhusu na bila ya kurusha kichwa. Kunyanyua mikono wakati wa takbira ni sunna, hivyo mwenye bega lililoganda ainyanyue inapofikia.

Udhu auchukue akiwa amekaa kwenye kigoda. Kunyanyua mguu mmoja hadi kwenye sinki huku sakafu imelowa kumewaangusha wengi. Maji ya uvuguvugu asubuhi husaidia vidole vilivyokakamaa. Mwenye kisukari akimaliza akaushe katikati ya vidole vya miguu kwa kitambaa kisafi, maana unyevu hapo huzaa fangasi, na fangasi hufungua mlango wa vidonda. Katika Ramadhani, vidonge vya diklofenaki na mfano wake ni hatari zaidi kwa kuwa tumbo ni tupu na maji ni machache. Mwenye maradhi haya aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, na akikatazwa kufunga amuulize sheikh wake kuhusu kulipa au fidya.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na kuna homa, huenda mna usaha ndani, na mgonjwa aende siku hiyo hiyo. Mguu wa mwenye kisukari ukivimba na kuwa wa moto hata kama hauumi, asiukanyagie, maana mifupa inaweza kuwa inasagika bila yeye kusikia. Maumivu ya shingo au mgongo pamoja na kukonda, homa za jioni na jasho la usiku yapimwe kifua kikuu, ambacho hushambulia pia mifupa. Shingo iliyokaza ghafla pamoja na homa na kichwa kuuma sana ni dharura, na hali kadhalika maumivu ya shingo na taya yanayokuja na kubanwa kifua na jasho la baridi, kwani huo unaweza kuwa ni moyo.

Na mwenye shingo mbovu akianza kulegea mikono au miguu, kuangusha vitu, kuyumba anapotembea au kushindwa kuzuia haja ndogo, uti wa mgongo unabanwa, na kila saa ina thamani. Huyu asipakiwe kwenye bodaboda. Tafuteni gari, alazwe chali juu ya godoro au ubao, taulo lililokunjwa liwekwe kila upande wa kichwa kisigeuke, na mmoja wenu akae kichwani kwake akikishika mpaka mfike. Bebeni pia dawa zake zote katika mfuko mmoja, zikiwemo zile za sokoni.